Hewa Inapolala, Hewa Inapoamka

Kesho alfajiri, msikilizaji wangu, kabla hujawasha jiko na kabla hujawafungulia mbuzi, toka uani usimame kimya. Usiongee na mtu. Sikiliza tu. Kama unakaa huku kwetu Kituntu, Karagwe, kwenye mgongo wa kilima, utasikia mambo ambayo mchana huyasikii. Utamsikia jogoo wa ng'ambo ya bonde kana kwamba yuko kwenye kibanja chako. Utasikia mtu akikohoa, ndoo ikigonga bomba, pikipiki ikipanda mlima mbali kabisa na hapo ulipo, na kengele ya ng'ambo ikilia kwa uwazi hata unaweza kuyahesabu mapigo yake. Halafu rudi palepale saa saba mchana. Kengele ni ileile, mkono unaoigonga ni uleule, bonde halijapanuka hata hatua moja. Lakini utaisikia kwa taabu, au hutaisikia kabisa.

Wengi wetu tumeizoea tofauti hiyo tangu utotoni, tukadhani ni kwa sababu mchana kuna kelele nyingi. Kelele zipo, sikatai. Ila chukua siku ya mapumziko, watu wako ndani, hakuna mashine wala shoka, na bado kengele ya mchana haifiki. Kuna kitu kingine, nacho kiko hewani, katika hii hewa ya chini kabisa tunayoivuta na kuipulizia moto. Leo nataka tuizungumze hewa hiyo kwa kituo, kwa sababu naamini inaingia katika mapafu ya watoto wetu na katika mikungu ya ndizi zetu kuliko tunavyofikiri.

Ukiwa bado umesimama pale uani, tazama bondeni. Moshi wa majiko umeanza. Unatoka chini ya bati, unapanda kidogo, unafika urefu wa mti au miti miwili, kisha unasita. Haupandi tena. Unageuka kulia na kushoto, unajitandaza kama shuka inayotandikwa kitandani, na baada ya muda bonde zima limefunikwa. Vilele vya mikaratusi vinachomoza juu yake kama visiwa. Penye mafunjo na maji, ukungu nao umejilaza, na mara nyingine huwezi kusema ukungu unaishia wapi na moshi unaanzia wapi.

Hapo hewa imelala. Nalitumia neno hilo kwa makusudi, maana sijaona lingine linalofaa zaidi.

Tuanze na hili: hewa haipashwi joto na jua moja kwa moja, au inapashwa kidogo sana. Mwanga wa jua hupita hewani kama unavyopita kwenye kioo, ukaipiga ardhi. Ardhi ndiyo inayopata moto, kisha ardhi huipasha hewa iliyoigusa. Kwa hiyo jiko la hewa liko chini, miguuni petu. Usiku jiko hilo huzimika. Ardhi inautoa ule moto wake kwenda angani, na kama anga ni jeupe, halina mawingu, moto wote unakwenda zake. Ndiyo maana usiku wa Juni, Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, huku Karagwe tunajifunika mablanketi mawili, ilhali usiku wa masika wenye mawingu mazito unakuwa na vuguvugu. Mawingu yale ni blanketi la ardhi.

Ardhi ikishapoa, inaipoza hewa iliyolala juu yake. Hewa baridi ni nzito. Ikiwa mtelemkoni haitulii, inateleza taratibu kama maji, inapita katikati ya migomba, inafuata makorongo, inakwenda kujaa bondeni. Juu yake inabaki hewa iliyokuwa na joto zaidi. Mzito yuko chini, mwepesi yuko juu, kila mmoja yuko mahali pake. Nani atamsukuma nani? Hapana ugomvi, hapana mwendo. Mchana kanuni ya kawaida ni kwamba ukipanda mita 100 hewa inayochanganyika vizuri inapoa kwa nyuzi moja hivi. Alfajiri kanuni hiyo inageuzwa juu chini: bondeni baridi, katikati ya kilima vuguvugu. Akina mama na watoto wanaoteremka kuteka maji kabla ya jua wanaijua habari hii kwa ngozi zao. Unashuka ukiwa sawa, unafika kisimani meno yanagongana, unapandisha na ndoo kichwani na katikati ya njia unahisi kama umeingia chumba kingine. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni uzito wa ndoo unaotutia joto. Kumbe hata hewa yenyewe ilikuwa imebadilika. Wenzetu wanaolima chai katika nyanda za juu za Kenya wanaijua kwa hasara: baridi ya barafu ikija, majani ya mabondeni ndiyo yanayoungua kwanza, ya juu yakasalimika.

Sasa rudi kwenye kengele. Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa ya joto kuliko katika hewa ya baridi. Fikiria mgambo wanatembea gwaride, wamejipanga mstari mmoja bega kwa bega. Wa upande wa kushoto wakikaza mwendo, wa kulia wakachelewa, mstari utapinda kuelekea upande wa wanaochelewa. Sauti hufanya vivyo hivyo. Alfajiri, sehemu ya juu ya wimbi la sauti iko katika hewa ya vuguvugu inayokwenda haraka, ya chini iko katika baridi inayojikokota, basi wimbi zima linapinda kushuka chini, linaifuata ardhi, linatua masikioni mwako. Mchana joto liko chini. Sauti inapinda kwenda juu, inaruka juu ya vichwa vyetu na kupotelea mawinguni. Aliyeliandika jambo hili kisayansi ni mhandisi mmoja aliyefundisha Manchester, Uingereza, jina lake Osborne Reynolds, mwaka 1874. Shika jina lake, tutakutana naye tena punde.

Jua linachomoza. Kwa saa nzima ya kwanza hakuna kinachoonekana kubadilika. Kisha ardhi inaanza kupata joto, hewa iliyoigusa inapata joto, inakuwa nyepesi, inataka kupanda. Inapanda mafungu mafungu, kama maji ya ugali yanavyoanza kutoa mapovu chini ya sufuria kabla hayajachemka. Mafungu ya kwanza ni madogo, yanafika urefu wa nyumba na kurudi. Yanayofuata yanafika juu zaidi. Kila linapopanda fungu moja, jingine la baridi linashuka kuchukua nafasi yake, na katika kupishana huko yanasuguana, yanazungushana, yanavurugana. Huo ndio msukosuko wa hewa. Kufikia saa nne, mwewe wameanza kuzunguka angani bila kupiga mbawa. Umewahi kujiuliza kwa nini mwewe hawaruki hivyo saa moja asubuhi? Wanasubiri hewa iamke, wapande juu yake bure. Kwenye uwanja wa shule utaona kisulisuli kikibeba vumbi na karatasi, watoto wanakikimbilia. Saa saba mchana, jua la huku kwetu karibu na ikweta likiwa utosini, kila mita moja ya mraba ya ardhi inaweza kupokea nguvu ya wati karibu 1,000, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa. Tandaza pasi hizo kilima kizima, halafu ushangae kwamba hewa inachemka!

Msukosuko huo wa mchana unafika juu kiasi gani? Siku kavu yenye jua unaweza kufika kilomita moja au mbili juu ya ardhi. Yale mawingu madogo meupe ya saa sita, yenye tumbo bapa kana kwamba yamepangwa juu ya meza, yanakuonyesha mahali ambapo hewa iliyotoka chini imepoa vya kutosha mvuke wake uonekane. Usiku kitanda cha hewa iliyolala kina kina cha mita makumi kadhaa tu, au mia mbili, mia tatu. Naomba uziweke akilini namba hizo mbili, maana hoja yangu yote ya leo imesimama juu yake.

Kuna anayeuliza: kwani hewa haichanganyiki yenyewe tu, hata bila jua? Inachanganyika, lakini kwa mwendo ambao usingependa kuusubiri. Weka sukari kwenye chai usikoroge. Ile sukari itaenea yenyewe siku moja, lakini chai itakuwa imepoa na wewe umeondoka. Hewani ni hivyohivyo. Harufu ingetegemea chembechembe za hewa kugongana tu, bila msukosuko wowote, ingechukua kama saa saba kuvuka mita moja. Saa saba! Lakini mama akikaanga vitunguu jikoni, wewe uliyeko barazani unajua mara moja. Kilichokuletea ile harufu ni kijiko, na kijiko cha hewa ni msukosuko.

Huyu Reynolds wa kengele ndiye aliyetuonyesha kijiko hicho kinavyoanza kazi. Mwaka 1883 alipitisha maji katika mrija wa kioo, akaingiza katikati yake uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda polepole, ule uzi ulinyooka toka mwanzo hadi mwisho, hauchafui maji ya pembeni. Alipoongeza kasi, ghafla uzi ukatetemeka, ukakatika, ukajikunja vipande vipande, na mrija mzima ukajaa rangi. Ni maji yaleyale na mrija uleule. Mwendo tu ndio uliobadilika. Nikiutazama moshi wa bondeni alfajiri ulivyonyooka, kisha nikiutazama uleule saa nne umesambaratika, naona mrija wa Reynolds umelazwa kati ya vilima vyetu.

Na yupo mwingine ambaye habari yake naipenda mno. Meli ya Titanic ilizama Aprili 1912 baada ya kugonga siwa la barafu. Mwaka uliofuata Waingereza walituma meli ya zamani iliyoitwa Scotia kwenda kufanya doria ya barafu katika bahari ya karibu na Newfoundland, penye ukungu usiokwisha. Ndani yake alikuwamo kijana wa miaka 27, Geoffrey Taylor, kazi yake kuchunguza hali ya hewa. Alirusha tiara, zile tiara mnazozijua, lakini kubwa, zimefungwa vyombo vya kupima joto na unyevu. Akaona kwamba hewa iliyotoka penye maji ya joto ikapita juu ya maji baridi inapoa kuanzia chini, na ubaridi unapanda juu polepole, ngazi kwa ngazi. Akajiuliza, ubaridi huu unabebwa na nini? Akahesabu, akakuta kugongana kwa chembechembe peke yake hakuwezi hata kidogo kuufikisha huko juu. Lazima uwe unabebwa na vizingo, yaani mizunguko ya hewa, vikubwa na vidogo. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1915, na mpaka leo wanaotabiri hali ya hewa, pamoja na hawa wa Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa Tanzania tunaowasikia kila jioni, wanatumia hesabu zilizozaliwa na mawazo ya namna hiyo. Huwezi kutabiri ukungu, umande wala upepo wa chini bila kukadiria hewa inavyojikoroga.

Vizingo vyenyewe vinafanya kazi kama fedha sokoni. Jua linatoa noti ya elfu kumi, yaani fungu moja kubwa la hewa lenye upana wa kilima kizima. Noti hiyo inavunjwa kuwa za elfu mbili, zile za elfu mbili zinavunjwa kuwa mia tano, hadi inafika sarafu ndogo kabisa, vizingo vya milimita chache, na hapo nguvu yote inageuka kuwa joto hafifu na kwisha. Chenji hiyo inavunjwa mchana kutwa. Jua likizama, benki inafungwa.

Sasa nifike jikoni, maana huko ndiko nilikotaka kufika.

Sisi tunapika lini? Alfajiri na jioni. Uji wa watoto kabla ya shule, na chakula kikuu kuanzia saa kumi na mbili jioni, maharage yanaiva kwa saa mbili, ndizi zinafuata. Yaani tunawasha kuni wakati uleule hewa inapojitandikia kitanda, na tena kabla haijaamka. Kijiko kile kile cha chumvi ukikitia kwenye sufuria, mchuzi hauliki. Ukikitia kwenye pipa la maji, huonji kitu. Moshi wa saa saba mchana unaingia kwenye pipa lenye kina cha mita 1,500. Moshi wa saa moja usiku unaingia kwenye sufuria yenye kina cha mita 100. Kuni ni zilezile, moshi ni uleule, lakini jioni unakuwa mzito mara kumi na tano. Na hapo sijazungumzia ndani ya jiko lenyewe, ambako mama anainama juu ya mafiga na mtoto yuko mgongoni.

Nimelelewa katika jiko la namna hiyo. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu mchana na usiku, na kikohozi ambacho sisi wajukuu tulikitumia kujua yuko sehemu gani ya kibanja. Tulikiita kikohozi cha uzee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na mzigo mkubwa unawaangukia wanawake na watoto wa majiko kama lile la bibi. Siwezi tena kukiita kikohozi cha uzee.

Mabonde nayo yana kumbukumbu yake ya kutisha. Desemba 1930, huko Ubelgiji, katika bonde la mto Meuse, hewa ililala kwa siku kadhaa mfululizo bila kuamka, ukungu umeganda, na viwanda vya bondeni vikaendelea kutoa moshi kama kawaida. Watu wapatao 60 walikufa kwa siku chache. Mwaka 1952, Desemba tena, London ikakaa siku tano chini ya kifuniko cha namna hiyo, na maelfu ya watu wakafa, wengi kuliko mtu yeyote alivyojua wakati ule. Hatuna viwanda vya Meuse huku Kituntu, na jua letu la ikweta halikubali hewa ilale siku tano. Inalala usiku mmoja, asubuhi inaamshwa. Hiyo ni jaala yetu na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini usiku mmoja ukijirudia kila siku kwa miaka sitini, mapafu ya mtu hayaulizi kama zilikuwa siku tano za mfululizo.

Hapa niongeze jambo ambalo huwashangaza watu ninapowaambia. Mwendo wa moshi asubuhi si wa kupungua tu. Ule moshi wa usiku uliopanda kidogo ukakaa juu ya bonde kama dari, jua likianza kuikoroga hewa kutoka chini, vizingo vinapanda hadi vinaigusa ile dari, kisha vinauvuta moshi chini, wote kwa mkupuo. Kwa nusu saa hivi, kati ya saa mbili na saa tatu, hewa ya bondeni inaweza kuwa chafu kuliko ilivyokuwa alfajiri. Baada ya hapo kifuniko kinapasuka na moshi unaondoka. Watoto wanaotembea kwenda shule ya bondeni saa hizo wanapita katikati yake.

Tufanyeje? Serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nautaka utimie, na nautaka ufike mpaka vijiji vya mwisho, si miji ya Kayanga na Omurushaka peke yake. Wakati tunausubiri mtungi wa gesi ushuke bei, kuna mambo yanayohitaji kubadili saa tu. Maharage yanaweza kulowekwa usiku na kuchemshwa saa nane mchana, moshi uende zake juu, jioni yakapashwa kwa moto mdogo. Najua mchana mama yuko shambani. Silisemi kama mtu asiyejua kazi za mama. Nalisema kwa baba pia, maana sufuria haichagui mkono wa kuitazama.

Kuhusu kuchoma takataka na majani makavu, hapo sina upole. Utamaduni wa kukusanya majani jioni na kuyatia moto kabla ya kuingia ndani ndio ubaya wenyewe: tunawasha lundo lenye unyevu, linafuka usiku kucha, na moshi unateremka na ile hewa baridi kwenda kulala na jirani wa chini. Kuna atakayesema, basi nichome saa saba mchana. Usichome mchana pia, maana ule msukosuko unaosambaza moshi ndio unaorusha cheche, na kiangazi cha Karagwe tunakijua, moto ukiruka unakula kilima hadi kilima. Majani ya mgomba na nyasi ni matandazo. Yarudishe chini ya migomba yatunze unyevu na kulisha udongo.

Wanaopuliza dawa kwenye nyanya na kahawa nao wanisikilize kidogo. Tumefundishwa tupulize asubuhi na mapema kukiwa na utulivu, na ushauri huo una maana yake, upepo usiibebe dawa. Lakini utulivu mkamilifu wa alfajiri ni wa hewa iliyolala. Matone madogo kabisa hayatui. Yananing'inia, yanateleza na hewa baridi kwenda bondeni, kwenye kisima, kwenye mizinga ya nyuki ya mtu. Ngoja uone moshi wa jiko la karibu unaanza kupanda na kuvunjika, na majani ya mgomba yanatikisika kidogo. Hiyo ndiyo saa. Ikifika saa tano upepo unakuwa mwingi, acha.

Nimeitaja migomba, na ingekuwa aibu kuzungumza na watu wa Kagera bila kuisemea. Kwa nini upepo wa alasiri unakuja kwa mishtuko, unatulia, halafu unapiga? Karibu na ardhi upepo unapunguzwa na nyasi, miti na nyumba. Juu kidogo, mita mia na kuendelea, unakwenda kasi. Msukosuko wa mchana unauchota ule upepo wa juu kwa mafungu na kuutupa chini. Kila fungu likifika ni kishindo kimoja. Mgomba wenye mkungu mzito na mizizi ya juujuu unastahimili kishindo cha kwanza, cha pili, kisha cha tatu kinaulaza. Majani yake yanachanika kwa mistari, na watu wengi wanaona ni uharibifu mtupu, kumbe yakichanika upepo unapata pa kupita na shina linapona. Ukipanda miti ya kukinga upepo, usiijenge kama ukuta. Ukuta unaurusha upepo juu na kuuangusha nyuma yake ukiwa umevurugika zaidi. Safu ya migrevilea inayopitisha upepo kidogo inaupunguza taratibu, na kinga yake inafika mbali, mara kumi ya urefu wa miti au zaidi. Ila ukishaona wingu jeusi la radi na upepo wa baridi unakuja mbele ya mvua, huo ni hewa nzito inayoanguka kutoka ndani ya wingu lenyewe, na mbele yake hata mwega wa mti mgumu mara nyingi haufui dafu.

Kahawa ni habari fupi. Ukiianika chini kwenye turubai, hewa iliyoigusa inashiba unyevu na inakaa palepale kama mgeni asiyeaga. Kichanja kilichoinuliwa kinaruhusu vizingo vipite juu na chini. Na kuigeuza kwa reki ni kuikoroga, kila punje ipate zamu yake. Kabla jua halijazama ifunike, maana umande wa usiku ni wa hewa ya chini kabisa, na kahawa iliyoshuka hadi unyevu wa asilimia 12 ukiiacha wazi usiku mmoja itarudi nyuma.

Hata mawimbi haya ya redio yanayokuletea sauti yangu yanaingia humo. Wale wanaoamka mapema wamewahi kuona kwamba alfajiri, hasa kiangazi, redio za FM za Rwanda na Uganda zinaingia safi, mpaka zinaikanyaga ya nyumbani, kisha saa tatu zimepotea. Ni kitanda kilekile cha hewa: mawimbi yanapinda juu ya mpaka kati ya hewa baridi na ya joto, yanaifuata ardhi kama ile sauti ya kengele.

Kuna mama mmoja jirani yangu, wa makamo, ambaye mwaka huu alianza kuchemsha maharage mchana. Hakufundishwa na mtu. Nilimkuta siku moja ameketi mlangoni pa jiko anachambua dagaa, nikamwuliza, "Shikamoo mama, mbona leo mapema?" Akaitika, akanyoosha kidole tu juu ya bati. Moshi ulikuwa unatoka, unapita juu ya migomba, unavunjika vipande, unapotea. Mjukuu wake alikuwa anacheza palepale karibu na mlango na hakuwa anakohoa. Nikatazama saa: ilikuwa tisa kamili. Ng'ambo ya bonde wakati huo kengele ya shule hugongwa. Tulikaa kimya wote wawili, na hatukuisikia.